Kompyuta moja yenye nguvu, wanafunzi 14 kwa wakati mmoja: inawezekana?

MwalimuWaMaabara

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha somo la kompyuta katika shule ya sekondari ya kutwa huku Nyanda za Juu Kusini. Maabara yetu ina kompyuta nne zinazofanya kazi, na kidato cha tatu peke yake kina wanafunzi 43, kwa hiyo mnaweza kukisia kipindi cha dakika 40 kinavyokwenda: mmoja ameshika kipanya, kumi wanachungulia begani kwake. Mwezi uliopita mhitimu wetu mmoja alituletea kompyuta ya mezani iliyokuwa ikitumika katika ofisi ya wachora ramani za majengo. Ina prosesa ya viini 12 (cores, yaani sehemu 12 zinazochakata kazi kwa wakati mmoja), kumbukumbu ya gigabaiti 64 na diski ya SSD ya terabaiti moja. Stoo tunazo kompyuta chakavu 14, kila moja na kumbukumbu ya gigabaiti 2. Diski za nyingi zimekufa, lakini skrini, kibodi na tundu la kebo ya mtandao bado ni vizima.

Ninachotaka kujua ni kama wanafunzi 14 wanaweza kuitumia hiyo kompyuta kubwa kwa pamoja, kila mmoja akiwa na skrini yake na mafaili yake, bila mmoja kumharibia mwenzake kazi. Wanaandika nyaraka, wanatengeneza majedwali ya hesabu, wanajifunza misingi ya Python, lugha ya kuandikia programu, na mara chache wanafungua kivinjari. Fundi mmoja wa mjini ameniambia kwamba viini 12 haviwezi kuhudumia zaidi ya watu 12. Mkuu wa shule naye ameuliza kama si afadhali tuiuze na kununua kompyuta mpakato tatu. Naomba ushauri wa waliokwisha kufanya jambo hili kwa mikono yao.

seva_ya_chumbani

Mwalimu, heshima yako. Usiiuze.

Fundi wako amehesabu viini kama mtu anavyohesabu viti, na hapo ndipo alipokosea. Mwanafunzi anayeandika maneno 30 kwa dakika anabonyeza herufi tatu hivi kwa sekunde, na prosesa ya leo humaliza kushughulikia herufi moja kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kisha inakaa bure ikisubiri nyingine. Kiini kimoja kinaweza kumhudumia huyu, kikamwacha, kikamhudumia mwenzake na kurudi kwa wa kwanza kabla hajainua kidole. Kazi ya kupanga zamu hizo hufanywa na mfumo endeshi, na si jambo geni: mwezi Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mfumo wa CTSS, ulioruhusu watu kadhaa kutumia mashine moja ya IBM kwa zamu fupi fupi kiasi kwamba kila mmoja alijiona yuko peke yake. (Ni mfumo huohuo unaotajwa kuwa ndio uliotuletea nywila, kwa sababu mara watu wanapogawana mashine, swali la mafaili ni ya nani halikwepeki.)

Lakini angalia walichokosa watu wa CTSS. Nafasi ya kumbukumbu iliyobaki kwa programu za watumiaji ilikuwa maneno 32,768 ya biti 36, yaani chini ya kilobaiti 150, kwa hiyo programu ya mtu mmoja ilikaa ndani na za wengine zikahamishiwa nje zikisubiri zamu. Tatizo hilo halijaondoka, limebadilisha ukubwa tu. Prosesa hugawanywa kwa muda, na muda haujazi nafasi. Kumbukumbu hugawanywa kwa nafasi, na aliyeishika ameishika hata kama amekwenda kunywa chai. Siku kumbukumbu itakapojaa, kompyuta itaanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, na wote 14 watasimama pamoja, si yule mmoja aliyesababisha.

Kwa hiyo anza hesabu zako kwenye kumbukumbu. Ukiweka Linux, mfumo endeshi wa bure, yenye eneo-kazi jepesi kama Xfce, mwanafunzi aliyeingia bila kufungua kitu atachukua nusu gigabaiti au pungufu. LibreOffice, programu ya nyaraka na majedwali, itaongeza megabaiti mia kadhaa. Kivinjari ndicho mlafi: kurasa tano au sita za siku hizi humaliza gigabaiti moja na nusu bila shida. Kadiria gigabaiti 3 kwa kila mwanafunzi, hiyo ni 42 kwa wote, na kwenye 64 zako unabakiwa na nafasi nzuri ambayo mfumo utaitumia kuhifadhi mafaili yanayosomwa mara kwa mara. Tena kuna nafuu ambayo wengi hawaifahamu: wanafunzi 14 wakifungua LibreOffice, msimbo wa programu yenyewe hupakiwa kwenye kumbukumbu mara moja tu na wote wakausoma hapohapo, kinachorudiwa kwa kila mtu ni nyaraka zake na hali yake. Kurasa za mtandao hazina nafuu hiyo, kila mtu hubeba zake.

Kwa mpango, zile chakavu zako 14 zigeuze kuwa vituo vya kutazamia tu. Kwenye kompyuta kubwa weka xrdp, programu inayomwezesha mtu kuitumia kupitia mtandao akiwa kwenye kompyuta nyingine; kwenye kila chakavu weka mfumo mdogo, hata kwa kuuwasha kutoka kwenye flashi, ambao kazi yake ni kufungua dirisha la kuingilia kwenye ile kubwa. Gigabaiti 2 zinatosha na kubaki. Eneo-kazi lenye mapambo mengi liepuke, kwa sababu kwa mtu aliye mbali michoro mingi huchorwa na prosesa badala ya kadi ya michoro, na hapo ndipo viini 12 vitakapoanza kuonekana vichache.

Jambo la mwisho: kila mwanafunzi apewe akaunti yake. Nimeona maabara ambako wote waliingia kwa jina moja, «mwanafunzi», na Firefox ikamfungukia wa kwanza tu. Waliofuata wakaambiwa tayari inatumika, kwa sababu wote walikuwa wanagombania folda moja ya mipangilio.

Bi_Kebo

Hamjambo nyote. Naandika kutoka Mombasa, na ningependa kuongeza njia ambayo haihitaji zile kompyuta chakavu wala mtandao, ingawa sidhani itakutosheleza peke yake.

Kompyuta moja inaweza kuwekewa kadi za michoro kadhaa, na kila kadi ikapewa skrini, kibodi na kipanya chake. Kwa Linux, systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, hukiita kila kikundi cha namna hiyo kiti: kile cha kawaida ni seat0, na vingine unaviunda kwa amri ya loginctl attach, ukitaja kadi ya michoro na kitovu cha USB (hub, kifaa chenye matundu kadhaa ya USB) kinachohusika. Baada ya hapo kila kiti huonyesha dirisha lake la kuingilia, na flashi iliyochomekwa kwenye kitovu cha kiti cha pili haimtokei aliye kwenye kiti cha kwanza. Katika jimbo la Paraná, Brazili, shule za umma ziliwahi kuwekewa kompyuta za namna hii, skrini nne kwa sanduku moja. Uzuri wake ni kwamba picha haipiti kwenye mtandao hata kidogo, kwa hiyo video hucheza kama kwenye kompyuta ya kawaida.

Vikwazo viko wazi vilevile. Nafasi za kuchomekea kadi ubaoni ni chache, kwa hiyo hesabu viti vitatu au vinne. Kebo moja ya USB 2.0 haifai kuzidi mita 5, maana yake wanafunzi hao watakaa wamelizunguka sanduku kama watu kwenye sinia moja la pilau. Na nikuonye kwa jambo lililonitoa jasho: vitovu vyetu vya USB vilikuwa vya aina moja, vinafanana kama pacha. Mfumo hukitambua kitovu kwa tundu kilipochomekwa. Siku moja msafishaji alivichomoa ili apanguse meza, akavirudisha kwa kubadilishana, na asubuhi mtoto akawa anaandika insha yake huku herufi zikitokea kwenye skrini ya jirani. Tangu siku hiyo kila tundu lina utepe wa rangi.

Leseni_Kwanza

Hapajatajwa Windows, lakini najua itatajwa, kwa sababu mkuu wa shule ataiulizia.

Windows 10 na Windows 11 za kawaida huruhusu mtu mmoja tu kuwa ameingia na anaitumia kwa wakati mmoja. Mwingine akiingia kutoka mbali, wa kwanza hutolewa kwenye skrini yake. Ziko programu ndogo mtandaoni zinazoondoa kizuizi hicho kwa kubadilisha mafaili ya mfumo. Zinakiuka leseni, na huvunjika kila baada ya masasisho, kwa hiyo usiiweke shule yako katika hali hiyo. Njia halali ni Windows Server pamoja na huduma yake ya maeneo-kazi ya mbali, na juu ya leseni ya seva utalipia leseni ya ziada ya kila mtumiaji au kila kifaa. Huduma hiyo hukupa siku 120 za kuanza bila leseni hizo za ziada, na nimeona watu wakidhani siku hizo ni za milele. Kulikuwa pia na toleo lililobuniwa kwa ajili ya madarasa, MultiPoint, likaingizwa ndani ya Windows Server 2016, kisha toleo la 2019 likatoka bila hilo. Msomapo miongozo ya zamani mtandaoni, jueni hivyo.

ndugu_swichi

Ninakubaliana na seva_ya_chumbani kuhusu kumbukumbu, ila amepita haraka sana kwenye mtandao, na mtandao nao ni sehemu ya vifaa vinavyogawanywa.

Fanya hesabu ya skrini moja. Ina nukta 1920 kwa 1080, na kila nukta ina biti 24 za rangi. Picha moja ni kama megabiti 50. Video ya picha 25 kwa sekunde, ikipelekwa bila kubanwa, inadai zaidi ya gigabiti 1.2 kwa sekunde, yaani mwanafunzi mmoja peke yake anaizidi kebo nzima ya gigabiti moja. Bila shaka xrdp hubana picha na hutuma sehemu zilizobadilika tu, na ndiyo maana ukurasa wa maandishi hupita kwa wembamba mno: herufi moja ikiongezeka, kinachosafiri ni kipande kidogo cha skrini. Lakini video hubadilisha skrini nzima muda wote, na kazi ya kuibana huiangukia prosesa ileile ambayo inaifungua video yenyewe. Wanafunzi 13 wanaweza kuandika kwa raha, wa 14 akafungua video na kuijaza skrini nzima, na wote wakahisi kipanya kimekuwa kizito. Kwa hiyo kebo kutoka kwenye seva, yaani ile kompyuta kubwa, hadi kwenye swichi inayounganisha kebo zote iwe ya gigabiti moja kwa vyovyote. Zile za kwenda kwenye vituo zinaweza kuwa za megabiti 100 bila madhara makubwa.

Kwa maabara yenye video nyingi kuna mpango wa LTSP, na tangu ulipoandikwa upya mwaka 2019 kazi yake kuu imekuwa tofauti na anavyoikumbuka aliyeutumia zamani. Sasa kompyuta ya mwanafunzi huwaka kupitia mtandao, huchukua mfumo mzima kutoka kwenye seva bila kuwa na diski, lakini programu hutumia prosesa na kumbukumbu ya kompyuta ileile iliyo mbele ya mwanafunzi. Hapo kinachogawanywa ni diski na utunzaji: unasasisha mahali pamoja, wote wanapata. Kwa gigabaiti 2 za kwako, Mwalimu, LibreOffice itakwenda, kivinjari kitalia. Ukipata vipande vya kumbukumbu vya mitumba ukafikisha gigabaiti 4, ningekushauri uchanganye, kuwasha kote kupitia LTSP ili usihangaike na flashi 14, halafu vile vyenye kumbukumbu ndogo viingie kwenye seva kwa xrdp.

MwalimuWaMaabara

Nawashukuru sana, na naomba radhi kwa kukaa kimya wiki tatu. Tulikuwa na mitihani ya nusu muhula.

Tulichofanya ni hiki. Nimeweka Debian na Xfce kwenye kompyuta kubwa, nikaunda akaunti 43, na vituo 11 kati ya 14 vinaingia kwa xrdp. Vitatu viligoma kabisa, tumevifanya vipuri. Leseni_Kwanza, ulikisia sawasawa, mkuu wa shule aliiulizia Windows, nami nikamsomea maelezo yako neno kwa neno.

Darasa la kwanza lilikwenda vizuri hadi tulipofika kwenye Python. Mwanafunzi mmoja aliandika kitanzi (maagizo yanayojirudia) kisicho na mwisho kinachoongeza namba kwenye orodha, kosa la kawaida kabisa kwa anayejifunza, na ndani ya dakika chache maabara nzima ikaganda. Kipanya cha kila mtu kilisimama. Hakuna aliyejua ni nani, hata yeye mwenyewe hakujua. Ilibidi nizime kwa kitufe, na kumi wakapoteza kazi zao kwa kosa la mmoja, jambo lilelile nililoliogopa katika swali langu. Jambo la pili ni dogo: kipindi kinapoanza na wote 11 wanaingia kwa pamoja, wa mwisho husubiri karibu dakika nzima kabla ya kuona eneo-kazi lake. Nilidhani ni mtandao, lakini taa za swichi hazionyeshi hivyo.

Na la tatu, umeme wetu hukatika. Nina fedha ya yupiesi (betri ya akiba ya kompyuta) moja tu. Niiweke wapi?

seva_ya_chumbani

Pole, Mwalimu. Kosa ni langu. Nilikuambia kumbukumbu ni nafasi, nisikuambie namna ya kuweka ukuta kati ya mtu na mtu.

Linux ya leo huweka kila aliyeingia ndani ya kikundi chake, na kikundi hicho kinaweza kuwekewa mipaka. Unda folda /etc/systemd/system/user-.slice.d na ndani yake faili moja lenye jina linaloishia na .conf. Mstari wa kwanza wa faili hilo ni [Slice], na chini yake uandike MemoryMax=4G na TasksMax=500. Kistari kilicho baada ya neno user ni cha lazima. Ndicho kinachofanya mpaka huo umhusu kila mtumiaji, kila mmoja na gigabaiti zake nne, badala ya wote kugawana nne. Kitanzi kile kikirudiwa, kitakua hadi gigabaiti 4, kisha mfumo utaiua programu ndani ya kikundi cha mwanafunzi huyo, na wenzake hawatajua kilichotokea. TasksMax inazuia ndugu wa kosa hilo, yaani programu inayozaa nakala zake yenyewe bila kikomo. Kumi na mmoja mara nne ni 44, kwa hiyo hata wote wakifika kwenye mpaka kwa pamoja bado kompyuta inapumua.

Prosesa sikushauri uiwekee mpaka mgumu. Mpangaji wa zamu tayari huwagawia sawa wanaogombania, na mpaka mgumu utamnyima mtu viini ambavyo hakuna mwingine anayevitaka.

Kuhusu kusubiri asubuhi, hebu hakikisha jambo moja: folda za nyumbani za wanafunzi, zenye mafaili na mipangilio yao, ziko kwenye SSD, au uliziweka kwenye diski nyingine?

MwalimuWaMaabara

Ziko kwenye diski ya kuzunguka niliyoitoa kwenye moja ya zile chakavu. Nilitaka SSD ibaki na mfumo peke yake, nikidhani ndiyo usalama.

ndugu_swichi

Basi umelipata jibu. Mtu anapoingia, eneo-kazi husoma na kuandika mamia ya mafaili madogo ya mipangilio, na diski ya kuzunguka ina mkono mmoja unaokimbia huku na huko. Zile za kawaida humudu safari mia moja hivi kwa sekunde. Wakiingia 11 kwa pamoja wanaunyang'anyana mkono huo. SSD haina mkono, na humudu maelfu mengi ya maombi kwa sekunde. Hamishia folda za nyumbani kwenye SSD, na ile ya kuzunguka ifanye kazi ya nakala rudufu za kila usiku, kwa sababu mafaili ya wanafunzi 43 yaliyo kwenye diski moja ni mtego. Ukihamisha, angalia pia kwamba ruhusa ya kila folda ya nyumbani ni 700, yaani mwenyewe tu ndiye aifungue, wasichunguliane majibu.

Bi_Kebo

Mwalimu, yupiesi iweke kwenye kompyuta kubwa na swichi, na vituo vya wanafunzi uviache vizimike. Kwenye xrdp, kituo kikizimika, kikao cha mwanafunzi hakifungwi. Kinabaki hai kwenye seva, na nyaraka zake zimefunguka vilevile. Umeme ukirudi kabla yupiesi haijaisha, anawasha, anaingia kwa jina lake, hata kama ni kwenye kituo kingine, na anakuta kishale kinapepesa palepale alipoachia. Kabla ya kuwaamini watoto nayo, ijaribu mwenyewe siku ya Jumamosi: andika sentensi nusu, chomoa kituo ukutani, subiri dakika tano, uingie tena.

MwalimuWaMaabara

Nimeijaribu leo asubuhi. Niliandika «Mtihani wa muhula wa pili utaanza tarehe», nikachomoa, nikaenda kunywa chai, nikaingia kupitia kituo cha dirishani. Sentensi ilikuwepo, haijahifadhiwa, na kishale kiko baada ya neno la mwisho. Jumatatu ninaongeza mipaka ya kumbukumbu, kisha nitamwomba yule kijana wa kitanzi akiandike tena makusudi.